Skrini Mbili, Kadi Mbili: Umoja Unakaa Wapi?

Kadi ya michoro ni kiungo cha kompyuta kinachogeuza hesabu kuwa picha. Ina kumbukumbu yake, ina saa yake ya ndani, na ina soketi inayoipeleka picha kwenye skrini. Kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na kadi moja tu, mara nyingi ikiwa imejengwa ndani ya ubao mkuu na kupewa soketi moja. Anayetaka skrini ya pili hana budi kuchomeka kadi ya pili, na mara nyingi anayoipata ni ile iliyong'olewa kwenye mashine iliyokufa: mtengenezaji mwingine, umri mwingine, nguvu nyingine. Jaribio likifaulu, kielekezi cha kipanya hutoka ukingoni mwa skrini ya kushoto na kuingia ya kulia kana kwamba uwanja ni mmoja. Lakini kati ya kadi hizo mbili hakuna inayoujua uwanja mzima. Kila moja huchora upande wake, haina habari na mwenzake. Hapo ndipo linapozaliwa swali la kifalsafa: ikiwa hakuna sehemu inayoliona jambo zima, umoja huu unaoonekana unakaa wapi?

Swali lenyewe ni la kale. Limeulizwa kuhusu nafsi ya mtu, kuhusu jamii, na kuhusu Mungu. Faida ya kulipitisha kwenye kompyuta kuukuu ni kwamba mashine mpya huficha maungio yake, ilhali ya zamani huyaacha wazi. Fundi huifungua kwa bisibisi, akayaona maungio yote, na akajua ni lipi likikatika umoja unavunjika.

Katika maduka ya uchapaji na fotokopi magharibi mwa Uganda, Kasese mjini na kule Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe wa kuingia Kongo, kompyuta za umri huo zinaweza bado kuwa nyenzo za kazi. Tuchukue kazi moja ya kawaida: kuchapa kadi za mwaliko wa arusi ya familia zilizo pande mbili za mpaka. Orodha ya wageni ina Baluku na Paluku, Bwambale na Kambale, Masereka na Kasereka. Ni majina ya mpangilio wa kuzaliwa, ya kwanza kwa mtoto wa kiume wa kwanza, yanayofuata kwa wa pili na wa tatu, kama wanavyoyatamka Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo. Herufi moja ikikosewa, mgeni anahamishiwa ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana skrini ya pili ina thamani: mchapaji anabaki na ya kwake yenye vibonyezo na faili zake, na ile nyingine hugeuzwa imwelekee mteja, aisome orodha jina kwa jina kabla karatasi haijaharibika. Watu wawili wanautazama uwanja mmoja, kila mmoja kwa upande wake.

Ugomvi wa kwanza wa kadi mbili hutokea kabla mfumo endeshi haujaamka. Kadi za michoro za kompyuta za kizazi hicho zimerithi desturi ya VGA, kiwango kilicholetwa na IBM mwaka 1987. Desturi hiyo inaitaka kadi iitike kwenye anwani maalumu za kumbukumbu, eneo la kilobaiti 128 lililotengwa tangu zamani kwa kazi ya picha. Kadi mbili zikiitika kwa pamoja kwenye anwani moja, ujumbe unavurugika. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, huamua kwa kuchagua: kwenye menyu yake kuna mahali pa kutaja kadi ipi iamshwe kwanza, ya ndani au iliyochomekwa, na nyingine inanyamazishwa mpaka mfumo endeshi uje kuiamsha. Ziko mashine ambazo zikishaiona kadi ya nje huizima ya ndani moja kwa moja, na kwa hizo jaribio linaishia pale. Kiini cha Linux, kuanzia toleo la 2.6.32 la mwaka 2009, kiliongezewa mwamuzi wa zamu: programu inayohitaji anwani za urithi huomba, hupewa, ikishamaliza huachia. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Viwili vinavyodai mahali pamoja havihitaji kwanza kupendana wala kufanana ili viishi chini ya paa moja. Vinahitaji zamu, na anayeaminika kuigawa.

Baada ya zamu linakuja suala la draiva, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza na kadi fulani. Kadi mbili za watengenezaji tofauti zina draiva mbili. Hapa historia ya kompyuta imeshuhudia mafundisho mawili yakishindana. Macintosh II ya Apple, mwaka 1987, ilipokea kadi kadhaa na kuziunganisha skrini zake kuwa uwanja mmoja. Windows 98 ilifuata, ikaruhusu hadi skrini tisa. Kisha Windows Vista ikaleta utaratibu mpya wa michoro, na chini ya utaratibu huo kadi zote zilitakiwa kutumia draiva moja. Kadi ya nasaba tofauti haikupewa nafasi. Windows 7, mwaka 2009, iliondoa sharti hilo.

Fundisho la Vista ni kwamba umoja unahitaji ufanano: vitu viwili visivyo vya aina moja haviwezi kufanywa kitu kimoja. Fundisho hili lina wafuasi wengi nje ya kompyuta. Wako wanaoamini kwamba taifa haliwi taifa mpaka liwe na lugha moja, na kwamba waumini si kundi moja mpaka wasali kwa namna moja. Kompyuta zilizotangulia Vista na zilizoifuata zinaonyesha kwamba imani hiyo si ya lazima. Kadi mbili zisizofanana huungana vizuri maadamu zote zinaweza kujibu maswali yale yale machache: upana wako ni pikseli ngapi, urefu wako ngapi, ukingo wako unapakana na nani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na inafaa kutazamwa kwa karibu. Skrini ya kushoto yenye pikseli 1280 kwa 1024 ina safu wima kuanzia 0 hadi 1279. Mfumo endeshi unaipa skrini ya kulia safu kuanzia 1280. Kielekezi kikiwa kwenye 1279, kikasogezwa hatua moja kulia, kinafika 1280, na kuanzia hapo kazi ya kukichora ni ya kadi ya pili. Lakini kadi ya pili haina safu yoyote inayoitwa 1280. Yenyewe huhesabu kuanzia sifuri, kwenye kumbukumbu yake, kama vile hakuna kitu kushoto kwake. Kwa hiyo namba 1280 haimo ndani ya kadi hata moja. Imo katika daftari la mfumo, na mfumo wenyewe hauchori pikseli hata moja wala hauna jicho la kutazama. Aliyetarajia kuukuta umoja katika sehemu mojawapo, au katika chumba cha ndani ambamo picha nzima imetundikwa, haukuti. Anachokuta ni mapatano juu ya namna ya kuhesabu.

Mfumo wa madirisha wa X, uliotumika sana kwenye Linux, unaonyesha kwamba mapatano hayo yana daraja. Daraja la chini ni skrini zinazojitegemea: kila kadi ina uwanja wake wenye jina lake, kielekezi kinavuka kwenda na kurudi, lakini dirisha haliwezi kuvuka. Programu iliyofunguliwa kushoto itakufa kushoto. Daraja la juu lilikuja na nyongeza iitwayo Xinerama, inayozishona skrini kuwa uwanja mmoja ambamo dirisha linakokotwa kutoka huku hadi kule, hata likakaa nusu huku nusu kule. Mtumiaji anayetazama skrini zimetulia hawezi kutofautisha daraja moja na jingine. Tofauti inajulikana pale kitu kinapojaribu kuvuka.

Bwera inaijua tofauti hii kwa maisha ya kila siku. Mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaligawa watu wa nasaba na lugha moja; upande wa mashariki wa mto Lubiriha wakaitwa Wakonzo, upande wa magharibi Wanande. Daraja la Mpondwe ni fupi, lakini anayelivuka kwenda Kasindi anaingia katika hesabu nyingine. Ikiwa ni saa nne asubuhi upande wa Uganda, upande wa Kongo ni saa tatu. Magari yanayokwenda kushoto mwa barabara yanahamia kulia. Shilingi inapisha faranga na dola. Mtu na kapu lake anavuka, Kiswahili cha sokoni kinavuka naye, lakini kura yake haivuki, wala kitambulisho chake. Hiyo ndiyo hali ya skrini zinazojitegemea: kielekezi kinapita, dirisha linabaki. Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa upande wa Uganda, mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto aliyefikishwa hospitali ya Bwera baada ya familia kurudi kutoka Kongo, walikokwenda kwa jamaa yao aliyekuwa mgonjwa akafariki. Kwa familia ile hapakuwa na nchi mbili. Palikuwa na mgonjwa wa kuuguza na marehemu wa kuzika, na undugu ulikuwa umeshona uwanja ambao serikali mbili zinauhesabu kila moja kuanzia sifuri yake. Maumivu ya aina hii hutokea mahali ambapo maisha yako daraja la juu la umoja na taratibu zimebaki daraja la chini.

Wanafalsafa wamelikabili swali la umoja hasa kupitia nafsi. David Hume, mwaka 1739, alijitazama ndani akasema hakukuta nafsi yoyote, alikuta mitazamo inayofuatana tu. Immanuel Kant, mwaka 1787, alijibu kwamba mitazamo hiyo isingeweza kuwa ya mtu mmoja kama isingewezekana kuambatana na fikra ileile ya "mimi nafikiri". Kwake umoja ni sharti la kuona, hauonekani kama kitu kingine kinavyoonekana. Kompyuta yenye kadi mbili inasimama karibu na Kant kuliko Hume. Namba 1280 haichorwi popote, lakini bila hiyo hakuna kitu kinachochorwa mahali pake.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka hospitalini. Katika miaka ya 1960, huko California, wagonjwa wachache wa kifafa kikali walikatwa mshipi wa neva unaounganisha nusu mbili za ubongo. Mtafiti Roger Sperry na wenzake waliwapima. Picha ilipoonyeshwa upande wa kushoto wa mahali mgonjwa anapotazama, ikapokewa na nusu ya kulia ya ubongo isiyo na usemi, mgonjwa alisema hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto ulipopapasa vitu vilivyofichwa, uliokota kile kile kilichokuwa kwenye picha. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Mwanafalsafa Thomas Nagel, katika makala ya mwaka 1971, aliuliza wagonjwa hao wana akili ngapi, akafikia hitimisho kwamba huenda hakuna idadi kamili ya kutaja. Nje ya chumba cha majaribio walitembea, walikula na kuzungumza kama mtu mmoja, kwa sababu nusu zote mbili zilikuwa na mwili mmoja, chumba kimoja, na macho yaliyogeuka pamoja. Umoja wao ulishikiliwa na vitu ambavyo nusu hizo zilishiriki nje, waya wa ndani ukiwa umekatwa.

Hoja hiyo inakutana na fikra za Afrika kwa njia isiyotarajiwa. John Mbiti, aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hapati kuwa mtu akiwa peke yake. Anakuwa kwa sababu wengine wapo na wanamhesabu. Maelezo haya mara nyingi hupokewa kama wito wa maadili tu. Yakitazamwa kwa makini ni madai juu ya muundo wa mtu: kwamba kinachomfanya awe mmoja hakikai chote ndani yake. Daftari linalompa nafasi yake, ni mtoto wa ngapi, wa nani, wa mlima upi, liko mikononi mwa jamii. Jina la Bwambale ni nafasi katika hesabu ya ndugu kabla halijawa la mtu binafsi.

Umoja una gharama, na hapa mashine kuukuu inasema kweli waziwazi. Picha moja kamili ya pikseli 1280 kwa 1024, kila pikseli ikichukua baiti 4, ni takriban megabaiti 5. Filamu yenye picha 60 kwa sekunde ingehitaji megabaiti zaidi ya 310 kila sekunde. Njia ya PCI, ambayo kadi iliyochomekwa kwenye kompyuta hizo hupokelea data, hupitisha kwa juu kabisa megabaiti 133 kwa sekunde, na njia hiyo inagawanywa na vifaa vingine. Kwa hiyo dirisha la filamu likiwekwa katikati, nusu kwenye kadi yenye nguvu na nusu kwenye kadi ya PCI, upande mmoja utakwenda laini na mwingine utakwama, na uso wa mtu utapasuka kwenye mshono. Hata picha ikitulia, nyeupe ya skrini moja huwa na umanjano na ya nyingine ubuluu. Xinerama nayo inadai zaidi: inazipa programu yale tu ambayo kadi zote mbili zinayaweza, na kwa kawaida uharakishaji wa michoro ya pande tatu unapotea kabisa, hata kwenye kadi inayouweza. Mwenye nguvu anaacha sehemu ya nguvu zake ili akae na mwenzake.

Hakuna sababu ya kuuficha ukweli huu kila watu wanapohimizwa kuungana. Mkutano unaoendeshwa kwa lugha ya pamoja hupoteza kile kinachosemeka tu kwa lugha ya nyumbani, na anayeijua zaidi lugha yake ndiye anayepoteza zaidi. Kwa baadhi ya kazi hasara hiyo inafaa kulipwa. Kwa nyingine, skrini mbili zinazojitegemea, kila moja ikifanya kazi yake kwa uwezo wake wote, zinawatumikia watu vizuri zaidi. Mchapaji na mteja wake hawahitaji dirisha linalovuka. Wanahitaji orodha iliyo sahihi pande zote mbili. Kosa la Vista lilikuwa kudhani kuna jibu moja kwa kila meza.

Je, mashine hii inafundisha lolote juu ya umoja wa Mungu? Kasese ni mahali pa kuuliza hivyo. Chini ya Rwenzori kuna jimbo la Wakatoliki, dayosisi ya Waanglikana na misikiti. Wazee wa Kikonzo bado wanamtaja mungu Kithasamba wa thelujini. Na tangu mwaka 2011 kuna shule ya msingi ya wanahumanisti inayofundisha bila dini. Ni rahisi kusema kwamba wote hao ni skrini za uwanja mmoja. Kauli hiyo inapendeza, lakini inaruka hatua. Skrini zinahesabiwa kuwa za uwanja mmoja kwa sababu lipo daftari linaloonyesha ukingo wa huyu unapakana na ukingo wa yule. Kwa dini hakuna binadamu anayelishika daftari hilo, na kila upande unadai kuona uwanja mzima, haudai kipande.

Tena, wanatheolojia wa tauhidi wamekuwa waangalifu hapa. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, alishikilia kwamba Aliye wa lazima kuwepo hawezi kuwa na sehemu, kwa kuwa chenye sehemu huzitegemea sehemu zake. Thomas Aquinas alisema vivyo hivyo kwa Wakristo. Umoja wa kompyuta ni wa kushonwa, na kilichoshonwa kinaweza kufumuka. Kwa hiyo mfano wa kadi mbili unafaa kwa nafsi na kwa jamii, ambazo kweli zimeshonwa. Kwa Mungu unafaa kuonyesha tu ni umoja wa namna gani ambao dini hizo zinaukataa. Mwislamu mwingine, Ibn Rushd, alitoa kanuni iliyo nyenyekevu zaidi: ukweli haupingani na ukweli. Kanuni hiyo haimwambii mtu mshono uko wapi. Inamwambia tu kwamba picha mbili za kweli zikionekana kupingana, kuna mahali ambapo moja imesomwa vibaya, na kazi ya kulitafuta kosa bado ipo.

Linabaki tukio moja ambalo kila aliyewahi kutumia skrini mbili analijua. Kadi ya pili inakufa, au skrini yake inachomolewa ikauzwe. Programu ya zamani iliyozoea kufunguka kulia inakumbuka nafasi yake, inafunguka kwenye safu ya 1400, mahali ambapo hakuna skrini tena. Jina lake linaonekana kwenye mwambaa wa chini, inapokea herufi zinazochapwa, lakini hakuna jicho linaloweza kuiona. Mwanafalsafa George Berkeley, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana, alifundisha mwaka 1710 kwamba kuwepo kwa vitu vya hisia ni kutambuliwa, na vitu ambavyo hakuna mtu anayevitazama vinadumu kwa sababu Mungu anavitambua. Dirisha lililopotea linaibana hoja hiyo. Linadumu, na hakuna anayelitazama. Kinachoendelea kulishikilia ni daftari lisilo na jicho. Anayemfuata Berkeley anaweza kujibu kwamba daftari nalo linahitaji wa kulidumisha, na jibu hilo halina kosa la kimantiki. Lakini ni hoja tofauti na ile ya kwanza: kudumishwa si sawa na kuonwa, na dini zenyewe zimeyatenganisha mawili hayo kwa kumwita Mungu kwa sifa mbili, Mwenye kuona na Mwenye kuhifadhi. Kwenye Windows za zamani dirisha hilo hurudishwa bila kipanya: hubonyezwa Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wa kushoto unashikiliwa mpaka ukingo wa dirisha uingie tena chini ya safu ya 1279.